Uzi: Vifaranga wa mbegu safi wanaokua bila sifa za mbegu yao. Ulaghai ni upi, maumbile ni yapi?

MfugajiKamulu

Wadau wa kuku, hamjambo. Uzi huu nauanzisha kwa sababu ugomvi ni uleule kila wiki kwenye makundi yetu ya WhatsApp. Mtu kanunua vifaranga wa Brahma, wale kuku wakubwa wenye manyoya miguuni, kalea miezi minne au mitano, mara jogoo anatokea na upanga wa meno uliosimama wima na miguu yenye manyoya ya kubahatisha. Anamwita muuzaji mwizi. Muuzaji anaapa kwamba wazazi ni Brahma, sasa yeye afanyeje? Matusi yanafuata, msimamizi anafunga kundi mpaka asubuhi, na hakuna aliyejifunza kitu.

Msimamo wangu nautoa mapema. Kuwa wa mbegu safi ni jambo moja, kufikia kiwango cha mbegu hiyo ni jambo jingine. Kuku anaweza kuwa Brahma kwa baba, kwa mama na kwa babu, na bado mwamuzi wa maonyesho akamweka kando kabla hata hajamshika. Mwingine anapendeza machoni, kumbe nusu yake ni kienyeji wa Machakos. Ndiyo maana lile swali tulilolizoea, "Je, ni mbegu safi?", halimlindi mnunuzi. Mwaminifu atajibu ndiyo na tapeli atajibu ndiyo. Swali la kuuliza ni hili: wazazi wako wapi niwaone, na kila unapototolesha, wangapi unawaondoa wasizae?

Kiwango si maneno ya mtaani, kimeandikwa. Kule Marekani, American Poultry Association ilianzishwa 1873 na mwaka uliofuata ikachapisha kitabu chake cha kwanza cha viwango. Waingereza wana Poultry Club yao tangu 1877. Ukifungua ukurasa wa Brahma utaona hakuna kilichoachwa: upanga wa njegere, yaani mdogo, umelala, una mistari mitatu na wa katikati umeinuka kidogo kuliko wenzake. Paji la uso limetokeza juu ya macho. Manyoya yanashuka miguuni mpaka kidole cha nje na kile cha kati. Kwa Wamarekani, Brahma mweupe wa shingo nyeusi, jogoo mzima ni ratili 12, kama kilo 5.4, na jike mzima ratili 9.5, kama kilo 4.3.

Sasa linganisha na matangazo yetu. Tangu ile video ya jogoo mkubwa mno wa Brahma kutoka Kosovo ilipozunguka dunia mwaka 2017, kila tangazo hapa Nairobi ni "Brahma kilo nane". Mnunuzi anayelea ndege mzuri kabisa wa kilo tano anajiona kaibiwa, kwa sababu ahadi yenyewe haikuwa ya Brahma wa kitabuni, ilikuwa ya kwenye simu.

Na msidhani nchi zenye mbegu hizi zimeepuka tatizo. Vituo vikubwa vya kutotolesha kule huchagua wazazi kwa wingi wa mayai na kwa uzao. Umbo haliwashughulishi sana. Ndiyo maana Rhode Island Red wa kituo kikubwa mara nyingi ni mdogo na rangi yake imepauka, ilhali wa maonyesho ni mwekundu uliokolea unaokaribia weusi. Wote wawili wanaitwa jina moja. Ameraucana, kuku wa mayai ya buluu aliyeingizwa kwenye kiwango cha Marekani mwaka 1984, ndiye mfano mbaya zaidi: kwa miaka mingi watu wameuziwa kwa jina lake vifaranga wa mchanganyiko ambao sifa yao pekee ni yai lenye rangi.

Wafugaji makini hugawa vifaranga wao mafungu: wa kufuga tu, wa kuzalishia, na wa maonyesho. Hata wazazi wakiwa bora, fungu la mwisho huwa dogo sana. Muuzaji anayekwambia vifaranga wake wote ni wa maonyesho, wakiwa na siku moja, anauza asichokijua.

Karibuni. Mwenye kisa alete, mwenye elimu atugawie. Ila majina ya watu na namba za simu tusiweke hapa.

DadaUtawala

Asante kwa uzi, kaka. Mimi niko katikati ya jambo hili. Nilinunua Silkie kumi na wawili, nikatumiwa picha za wazazi weupe pepe, wenye vichwa vya manyoya mpaka macho hayaonekani. Wakaja kwa boda wakiwa ndani ya boksi, wazima wote, nikalipa kwa M-Pesa. Sasa wana wiki saba. Watano wana ule unyoya wa pamba. Waliobaki wameota manyoya ya kawaida kabisa ya kuku, ila ngozi ni nyeusi na wana kishungi kidogo. Wawili kati ya hao wana vidole vinne tu. Muuzaji anasema nisubiri, manyoya "yatalainika wakikomaa". Kuna ukweli hapo?

MwanafunziKabete

Dada, hayatalainika. Nasoma sayansi ya mifugo hapa Upper Kabete, na Silkie ni mfano ambao darasani hauishi.

Unyoya wa hariri wa Silkie ni sifa fichu. Kifaranga lazima aipate kwa baba na kwa mama pia. Akiipata upande mmoja, anaota manyoya ya kawaida. Kwa hiyo ndege wawili wenye unyoya wa hariri hawawezi kukuzalia saba wenye manyoya magumu. Kama wale weupe wa kwenye picha ni Silkie kweli, basi hao si wazazi wa hawa saba. Angalau mzazi mmoja alikuwa na manyoya ya kawaida.

Kidole cha tano ni kinyume chake. Ni sifa tawala, kuirithi upande mmoja kunatosha. Vivyo hivyo ngozi nyeusi, ingawa kuna jeni nyingine kwenye kromosomu ya jinsia inayoweza kuizima. Hapa ndipo wanunuzi wengi wananaswa: Silkie akipandishwa na kienyeji, kifaranga wa siku moja anaweza kuwa na vidole vitano, ngozi nyeusi na kidundu kichwani, na siku hiyo vifaranga wote duniani wana malaika laini mwilini. Unamhesabu vidole, unaridhika, unalipa. Wiki ya tatu au ya nne manyoya halisi yanapoanza kutoka ndipo unajua.

Lakini vidole vinne peke yake usivitumie kama ushahidi wa wizi. Sifa ya kidole cha tano huwa inajificha mara mojamoja hata kwa Silkie safi. Huyo ni wa kutoa kwenye uzazi, si wa kupelekea mtu polisi. Unyoya ndio ushahidi wako.

MfugajiKamulu

Hapo umesema vizuri. Dada, hifadhi picha ulizotumiwa na mazungumzo yote, usifute hata moja.

Mtotoleshaji_Ruiru

Mimi ni muuzaji, na naomba nisikilizwe kabla ya kuhukumiwa.

Natotolesha Brahma, Cochin na Light Sussex. Mteja anapiga simu, cha kwanza bei, cha pili bei, cha tatu "nipunguzie". Akishapunguziwa anataka kuku wa kitabu cha Wamarekani. Kumlisha jogoo wa Brahma mwaka mzima kabla hajakomaa ni gharama, umeme wa mashine ni gharama, na mayai mengine hayaanguliwi. Ikiwa nitatoa nusu ya vifaranga kwa sababu kidole kimoja hakina manyoya, nitawauza wengine bei ambayo hakuna mtu Nairobi atalipa. Kifaranga wa siku moja hata mimi siwezi kukwambia atakuwaje. Nampa mteja kilichotoka kwenye mashine, na wazazi nikiombwa naonyesha.

Kinachoniuma ni kuwekwa kapu moja na madalali. Dalali hana hata kuku mmoja. Anachukua picha za Uholanzi kwenye mtandao, anakusanya vifaranga kutoka huku na kule, kisha mambo yakiharibika anazima simu. Mimi banda langu lipo na mtu akija ananikuta.

MfugajiKamulu

Ndugu yangu, kwa kusema wazi hivyo nakuheshimu, na kuhusu bei uko sahihi kabisa. Mnunuzi anayetaka bei ya kienyeji asitarajie kazi ya uteuzi wa vizazi vitano.

Ila niruhusu swali moja la kifugaji. Hao Brahma, Cochin na Sussex wanalala mabanda tofauti, au mchana wanafunguliwa pamoja?

Mtotoleshaji_Ruiru

Usiku kila mmoja na kwake. Mchana nafungua, uwanja ni mmoja. Nikitaka mayai ya kutotolesha natenga wiki moja kabla.

MfugajiKamulu

Basi hapo ndipo penye shida, na nasema kwa nia njema. Kuku jike huhifadhi mbegu za jogoo mwilini. Akipandwa leo anaweza kuendelea kutaga mayai yenye uhai kwa wiki mbili, hata tatu. Ukitenga wiki moja, mayai unayoanza kuokota bado yanaweza kuwa ya jogoo wa Cochin. Tenga si chini ya wiki tatu, wiki nne ndiyo salama, ndipo uanze kuweka mashineni. Kabla ya hapo mayai kula au uza ya kula.

Hili nataka wasomaji walione vizuri: hakuna aliyekusudia kudanganya hapa. Wazazi ukienda kuwaona ni Brahma kweli, muuzaji anaapa kwa moyo safi, na bado boksi lina machotara. Ndiyo maana kuona wazazi peke yake hakutoshi. Uliza wanaishije.

Mtotoleshaji_Ruiru

Wiki tatu nilikuwa sijaambiwa na mtu. Nitagawanya uwanja kwa wavu. Asante.

MzeeWaNgong

Vijana, mjadala mzuri. Nimefuga ndege wa mapambo tangu watu wakituona tunapoteza mahindi, na maonyesho ya Jamhuri Park siyakosi.

Kelele hizi za Brahma ni za zamani. Mwaka 1852 Mmarekani mmoja mfanyabiashara wa kuku, George Burnham, alimpelekea Malkia Victoria wa Uingereza ndege wa aina hii kama zawadi. Kumbe alijua biashara: habari zikaenea, bei zikapanda, na enzi hizo kila muuzaji alikuwa anawaita jina analotaka. Shanghai, Chittagong, Brahma Pootra, ndege wakiwa ni haohao au wamechanganywa. Sababu mojawapo ya kuandika viwango ni kumaliza vurugu hiyo. Brahma mweupe wa shingo nyeusi na yule wa rangi ya giza waliingia kwenye kitabu cha Marekani toleo la kwanza, 1874. Yule wa rangi ya dhahabu alisubiri mpaka 1924.

Nina nyongeza moja kwa mwenye uzi. Ukisema kiwango, sema cha nani. Chukua Marans, yule wa mayai ya rangi ya chokoleti. Mfaransa anataka miguu yenye manyoya kidogo. Mmarekani alipomkubali mwaka 2011 akamfuata Mfaransa. Mwingereza anataka miguu mitupu. Sasa mtu wa Karen kanunua vifaranga, miguu haina manyoya, anasema si Marans. Huenda ni Marans kamili wa damu ya Kiingereza. Kabla ya kugombana, muulizeni muuzaji mbegu yake ilitoka upande gani.

Na tukumbuke kuku hana cheti. Ng'ombe wa maziwa utaonyeshwa karatasi za Kenya Stud Book zenye ukoo wake. Kuku hasajiliwi mmoja mmoja, si hapa wala Ulaya. Anayekuuzia "Brahma mwenye cheti cha mbegu" muulize cheti kimetolewa na nani.

MfugajiKamulu

Shikamoo Mzee. Hilo la cheti ningelisahau, na wiki iliyopita tu nimeliona kwenye tangazo.

BabaTwins_Kasarani

Swali la haraka. Nimeuziwa Rhode Island Red, vifaranga wote hudhurungi, wakakua wakataga vizuri sana. Nimetotolesha mayai yao, vifaranga wanatoka mchanganyiko, wengine weupe wengine wekundu. Na je, Kuroiler wa mbegu safi napata wapi?

MwanafunziKabete

Hao yaelekea ni chotara wa mayai, aina ya ISA Brown na wenzake. Wale hutengenezwa kwa kupandisha koo mbili tofauti ili vifaranga wa kike watoke hudhurungi na wa kiume watoke weupe wa njano. Kituo kinatenganisha jinsia kwa rangi siku ya kwanza, ndiyo maana boksi lako lilikuwa la rangi moja. Rhode Island Red halisi, wa kiume na wa kike wote hutoka wekundu. Mayai watakupa, na huenda wanakupa mengi kuliko Rhode Island mwenyewe, ila kizazi cha pili lazima kitawanyike.

Kuroiler safi hayupo. Ni chotara aliyetengenezwa India, kama Sasso alivyotengenezwa Ufaransa. Ni ndege wazuri kwa kazi yao, lakini neno mbegu safi haliwahusu.

Jimbi_Kiserian

Mimi nina kitendawili. Nilinunua Plymouth Rock wa mistari, vifaranga wote weusi wenye doa jeupe kichwani au bila doa. Sasa wamekomaa. Majogoo wote wana mistari, majike wote weusi tititi. Hakuna jike hata mmoja mwenye mistari! Muuzaji anasema ni hali ya hewa ya Kiserian.

MwanafunziKabete

Hali ya hewa haipaki rangi. Hicho ndicho kisa kilicho rahisi kuamua kuliko vyote. Jeni ya mistari iko kwenye kromosomu ya jinsia, na kwa kuku jike ndiye mwenye kromosomu mbili tofauti. Jike mwenye mistari huwapa mistari watoto wake wa kiume peke yao. Majike huchukua kwa baba. Kwa hiyo mama zao walikuwa Plymouth Rock, baba yao hakuwa. Alikuwa jogoo asiye na mistari, mweusi au mwekundu.

Wazungu hufanya hivyo kwa makusudi. Kifaranga mwenye doa kichwani ni dume, asiye na doa ni jike, na wanauzwa kwa jina la chotara. Kosa la muuzaji wako ni kuwaita Plymouth Rock safi.

Jimbi_Kiserian

Kwa hiyo ningejua siku ya kwanza?

MwanafunziKabete

Ungeshuku. Plymouth Rock safi, jike na dume wote huwa na doa. La dume ni kubwa na limetawanyika, la jike ni dogo na limekaa sawasawa. Boksi ambalo nusu ya vifaranga hawana doa kabisa lilitakiwa kukusimamisha.

MamaOrpington

Nami nilete langu. Niliagiza Orpington wa buluu, kwa macho yetu ni kijivu kilichokolea, nikalipa bei ya buluu. Kati ya vifaranga, kama nusu ndio wa buluu. Wengine weusi, na wachache weupe wenye madoa kama wamemwagiwa wino. Nimemwambia muuzaji arudishe pesa, tumefikia kununiana. Na ni jirani, tunasali kanisa moja.

MfugajiKamulu

Mama, mpigie simu leo mpatane. Huyo hakukudanganya kuhusu mbegu. Rangi ya buluu kwa kuku haizai buluu tupu. Ukipandisha buluu kwa buluu unatarajia nusu buluu, robo weusi, na robo wale wa madoa. Hesabu hiyo imejulikana tangu mwanzo wa karne ya 20 kutokana na kuku wa Andalusia. Kwa kweli boksi lako ndilo linalotakiwa kutoka kwa wazazi wa buluu. Ukitaka vifaranga wote buluu, pandisha mweusi na yule wa madoa, ambao tayari unao.

Ila muuzaji alipaswa kukueleza kabla ya kupokea pesa. Na kama alikutoza bei ya buluu kwa kila kifaranga, hiyo tofauti ya bei mna haki ya kuizungumza.

MamaOrpington

Kumbe! Nitampigia.

MwanafunziKabete

Niongeze kisa kingine cha namna hiyo, maana watu wanafukuza mbegu nzuri. Wyandotte anatakiwa awe na upanga wa waridi, ule mpana uliolala. Lakini hata koo safi za Wyandotte hutoa mara kwa mara vifaranga wenye upanga wa meno. Sababu ni kwamba jogoo aliyerithi upanga wa waridi pande zote mbili huwa na mbegu dhaifu, uwezo wake wa kutungisha unapungua. Yule aliyerithi upande mmoja anazalisha vizuri zaidi, kwa hiyo kila kizazi yeye ndiye anayeacha watoto wengi, na upanga wa meno haupotei. Kifaranga huyo hafikii kiwango, haendi maonyeshoni, lakini ni Wyandotte.

Mtotoleshaji_Ruiru

Na Brahma mwenye upanga wa meno?

MwanafunziKabete

Kwa Brahma jambo ni zito zaidi. Upanga wa njegere ni sifa tawala na hauna ile shida ya Wyandotte, kwa hiyo wafugaji wa Brahma walishausafisha. Kifaranga wa upanga wa meno maana yake baba na mama wote wawili wamebeba upanga wa meno kwa siri. Ikitokea kwa wingi kwenye kundi lako, kuna damu ya Cochin au ya kienyeji iliyoingia nyuma, hata kama si kizazi hiki.

MfugajiKamulu

Kwa wanaonunua Brahma wa siku moja, hivi ndivyo ninavyowakagua nikiwa bandani kwa mtu. Namweka kifaranga kiganjani, naelekeza tochi ya simu kwenye paji kutoka mbele. Upanga wa njegere huonekana tayari: kijiutando kipana chenye vimistari vitatu vya vidoto. Upanga wa meno ni mstari mmoja mwembamba, mkali. Kisha nageuza mguu. Brahma mzuri ana malaika upande wote wa nje wa mguu, yanapita kwenye kidole cha nje na kufika kidole cha kati. Chotara wa kwanza mara nyingi ana manyoya mguuni lakini kidole cha kati ni kitupu, au kina vinyoya viwili vitatu tu. Upanga wa chotara nao huwa umeinuka na haujapangika vizuri.

Sitamkataa muuzaji kwa kifaranga mmoja. Naangalia boksi zima. Mmoja mwenye kidole kitupu ni maumbile. Nusu ya boksi ni banda lisilo na wavu.

Mambo ya mdomo uliopinda, vidole vilivyojikunja na mkia uliolalia upande mmoja yakirudiarudia, hapo nahofia ndugu wamezaliana kwa muda mrefu. Damu ya mbegu hizi hapa mjini si pana, wengi wetu tunauziana jogoo haohao.

WakiliMfugaji

Kidogo kuhusu sheria. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inasema bidhaa ikiuzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo. Ndiyo maana maneno ya kwenye WhatsApp ni muhimu. Aliyeandika "Silkie safi" na kutuma picha za wazazi amejifunga. Aliyeandika "vifaranga kutoka kwa wazazi Silkie, sihakikishii kufikia kiwango" amejilinda, na ni haki yake. Kabla ya kulipa mwandikie muuzaji sentensi mbili za unachonunua na umwombe ajibu "sawa". Mkishindwana, Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na si lazima uwe na wakili. Kwa boksi la vifaranga, mazungumzo ya heshima yatakufikisha mapema zaidi.

MzeeWaNgong

Na chanjo msisahau mkihangaikia vidole. Muulizeni muuzaji kama vifaranga wamechanjwa siku ya kwanza dhidi ya Marek, ugonjwa wa virusi unaopoozesha kuku. Watotoleshaji wadogo wengi hawachanji, na Silkie wanajulikana kuupata ugonjwa huo vibaya. Ukiona kuku kalala mguu mmoja umenyooka mbele na mwingine nyuma, usimlaumu kwa mbegu.

DadaUtawala

Nimesoma yote. Hawa watano wenye unyoya wa hariri, niwaweke wa kuzalisha? Na wale saba nifanyeje, wanangu wameshawapa majina, siwezi kuwachinja.

MwanafunziKabete

Watano wameurithi unyoya wa hariri kwa baba na kwa mama, hilo ni hakika. Yasiyo hakika ni mengine: upanga, vidole, kishungi, rangi ya ndewe ambayo kwa Silkie hupendwa ikiwa ya buluu ya feruzi. Subiri wakomae. Mwenye upanga wa meno au vidole vinne mfuge tu, wasalie wale bora, kisha tafuta jogoo wa damu nyingine.

MfugajiKamulu

Wale saba usiwachinje. Majike wenye damu ya Silkie mara nyingi ni waatamiaji wazuri, watakuangulia mayai bila mashine wala umeme. Watenge tu na wale watano kabla majogoo hawajaanza kuwika.

DadaUtawala

Muuzaji amejibu sasa hivi. Anasema atanibadilishia wale saba, ila nichague mwenyewe bandani kwake Jumamosi. Nikifika nianze wapi?

MfugajiKamulu

Anza na wazazi, si vifaranga. Mwombe awatoe wote nje, majogoo pia, uone kama kuna hata mmoja mwenye manyoya magumu anayelala nao. Uliza wavu uko wapi na majike wametengwa tangu lini. Akikuonyesha banda moja lililochanganyika, dai pesa zako na usichukue vifaranga wengine. Na uende asubuhi, kabla hajawafungulia.